Mguu Ulionichelewesha Kwako

Da Shuwena,

Ungekuwapo ungeniuliza mguu kwanza, kabla hata sijakaa. Ndivyo ulivyokuwa. Naingia mlangoni, macho yako yanakwenda chini kwenye kisigino changu, kana kwamba hicho ndicho kilichokuja kukutembelea na mie nimekisindikiza tu. "Mguu vipi?" Halafu ndiyo unakumbuka kunikaribisha. Basi nianze na huo mguu wako. Habari nyengine nnayo, nayo ni kubwa, lakini nikiitanguliza hiyo sitaweza kuendelea kuandika.

Mguu umepona. Nnatembea, nnapanda ngazi, gari nnaendesha. Asubuhi nikishuka kitandani hatua za mwanzo nakokota, nashika ukuta, mpaka ule mshipa wa nyuma ya kisigino upate moto. Shavu la mguu wa kulia limekonda na halikurudi. Dada mmoja wa hospitali, wa mazoezi ya viungo, alilipima kwa utepe, akaniambia kwa upole, mshipa wako umeunga lakini umeunga mrefu. Yaani pale ulipokatika nyama mpya imejaza pengo, na sasa mshipa mzima umezidi urefu, umelegea kama lastiki ya suruali kuukuu. Nikisimama kwa mguu huo peke yake nikajaribu kuchuchumia, kisigino kinanyanyuka kidogo, kinatetemeka, kinarudi chini. Wengi waliotibiwa bila kupasuliwa wanarudi vizuri kabisa, akaniambia. Wengine ndio kama mie.

Kukimbia, hapana. Mpira nautazama kwa mbali, tena nikiwa nimeupa mgongo ukuta. Sikutanii. Mpaka leo nikiwa ufukweni Kendwa siwezi kusimama kama nyuma yangu pako wazi. Nahisi teke linakuja.

Unaikumbuka siku ile kwa kusimuliwa tu, hukuwapo, kwa hivyo niache niisimulie mwenyewe. Ilikuwa alasiri, maji yametoka, mchanga mgumu mzuri. Sie wafanyakazi wa hoteli tunacheza na vijana wa kijijini. Mie mtu wa mapokezi, kutwa nimesimama nyuma ya meza na shati jeupe, nimeshavuka arubaini, nani aliniambia nicheze winga? Nilianza kukimbilia mpira, nikasikia mlio, paa, kama ubao mkavu umevunjwa, na teke zito nyuma ya kisigino. Niligeuka na ngumi nshaikunja. Nyuma yangu hapana mtu. Mchanga mtupu na nyayo zangu mwenyewe.

Nikaapa kwamba nimepigwa. Wenzangu wote wakaapa kwamba hapana aliyekuwa karibu yangu. Wallahi, hata wale vijana wenye maneno mengi, mmoja wao akasoma Bismillahi akarudi nyuma. Na mtu akipigwa na asiyeonekana, kwetu jambo hilo lina jina lake, na hospitali si dawa yake. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza, mfupa haukuwa umevunjika, sasa nani angefikiria mengine? Wakanibeba kwa mwalimu mmoja kijijini, msomea watu majini. Nikafukizwa ubani, nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, na akaja mzee akanichua kwa mafuta ya moto yenye majani siyajui, siku mbili mfululizo, mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Mie mwenyewe niliamini, usije ukadhani nilishurutishwa. Mpaka sasa nikikumbuka ule mchanga mtupu, nywele zinanisimama.

Wewe ulikuja kutoka mjini umefura. Hukumsalimia mtu. Uliinama, ukaweka kidole gumba nyuma ya kisigino changu, kikazama. "Hapa pana shimo," ukasema. Kisha ukamtazama yule mzee, ukamuuliza jini gani huyu anayekata mshipa akaacha ngozi nzima. Ukanitia kwenye gari ya jirani na njia nzima hadi mjini ukawa unanigombeza mie badala yake.

Daktari alinilaza kifudifudi. Alikamua shavu la mguu wa kushoto, unyayo ukacheza. Akakamua la kulia, unyayo ukabaki kimya. Akaitazama ngozi ilivyoungua na mafuta akatikisa kichwa: ngozi hii siwezi kuipasua, itaoza. Lakini akasema mshipa wa namna hii huweza kuunga wenyewe, mguu ukifungwa vidole vikitazama chini ili ncha mbili zikaribiane, na mgonjwa akawa na subira. Kazi ya miezi, si ya wiki, na ukikanyaga kabla ya wakati utakatika tena. Mie nilikuwa bado nafikiri cha kusema, wewe nshakusikia unajibu. "Tutavumilia." Sie, Da Shuwena. Kama kwamba mguu ni wa ukoo mzima.

Basi nikaacha chumba changu cha Kendwa nikarudi Mji Mkongwe, nyumbani kwa Mama, kwenye kile chumba cha juu. Mama kitandani kwake na macho yake yasiyoona tena vizuri, mie kwenye godoro na plasta yangu, na wewe chini na cherehani yako na sare za shule za watoto wa watu. Ngazi zile zilijengwa na mtu asiyekuwa na huruma. Ulinifundisha kuzishuka kwa makalio, mguu mbovu mbele, mikono nyuma, na ulinifundisha kwa kushuka wewe mwenyewe hivyo hivyo, mwanamke mzima na buibui lako, huku unacheka mpaka machozi. Mama huko juu akawa anauliza, mnafanya nini nyie? Hatukuweza hata kumjibu.

Plasta ilipotolewa nikavishwa lile buti la hospitali, na buti lilitaka kitu cha kunyanyua kisigino, kiwe kinapunguzwa kidogo kidogo kila daktari akiruhusu. Vya hospitali havikupatikana. Ukachukua ndara zako kuukuu ukazikata kwa mkasi wa cherehani, ukazipanga kipande juu ya kipande, ukazitia ndani ya buti. Daktari alivitoa akavigeuza, akavipima, akavirudisha. Ikawa tukirudi kwake na ruhusa, unakaa sakafuni, unavuta buti, unasema Bismillahi, unachomoa kipande kimoja. Hukuniachia nichomoe mie hata mara moja. "Wewe utachomoa viwili," ukasema, na ulikuwa unanijua.

Kisha siku ile ya adhuhuri. Nilikuwa nasali kwenye kiti na buti nimelivua, nikajisahau. Mwili una mazoea yake. Nikateremka kusujudu, nikautia mguu wa kulia chini, vidole vimekunjwa, na nikawa nataka kunyanyuka kwa mguu huohuo. Ulikuwa mlangoni na sinia. "Usiukanyage!" Sijawahi kukusikia ukipiga kelele vile, hata siku ya msiba wa mumeo. Sala ikanikatika. Ulikaa chini ukaupapasa mshipa kwa kidole, taratibu, mpaka ukaridhika, kisha ukaniambia niape. Nikaapa mbele ya Mama kwamba sitoukanyaga bila ya buti mpaka utakapotoa kipande cha mwisho wewe mwenyewe. Nilikuona unaogopa kuliko nilivyoogopa mie, na nikaona haya.

Vipande vikabaki viwili.

Asubuhi ile nilikuwa nimelivua buti nausafisha mguu. Nilisikia sufuria inaanguka jikoni na kishindo baada yake, kisha hapana kitu. Mama akauliza, Shuwena kaangusha nini? Nikakuita. Ulikuwa mtu wa kujibu kwa ukali ukiitwa ukiwa kazini, na mie nikausubiri ukali wako, haukuja. Nikazishuka ngazi kama ulivyonifundisha. Sikuukanyaga. Makalio, mikono, makalio, mikono, na mguu hewani, na Mama juu anaita jina lako, na nyumba ile sijapata kuiona ndefu vile. Nilipofika jikoni ulikuwa umelala ubavu karibu na jiko, macho wazi. Nikakushika mkono, una moto. Na macho yako, Da Shuwena, yalikuwa yanautazama mguu wangu usio na buti.

Sijui kama ulikuwa unaona. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Daktari aliniambia ni mshipa wa kichwani uliopasuka, kwamba hata ningeruka kutoka dirisha la juu nisingekukuta na uhai wa kuokoa. Nimeambiwa, nimeelewa, na kuelewa hakujanisaidia kitu.

Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mguu huu kunichelewesha kwako. Ya pili ilikuwa Uroa.

Ulikuwa unanitania siku zote, tangu mume wako afe na mtoto hukujaaliwa. Mwanamke hupokewa kaburini na maharimu zake, wanaume wa damu yake wasioweza kumuoa, na baba hatunaye, na mie ndiye kaka pekee. "Kutwa unapokea wazungu usiowajua. Siku yangu nipokee na mie, tena kwa adabu." Ulikuwa unacheka ukisema hivyo, na mie nakuambia toka hapa. Sasa ikafika siku yako. Tukakupeleka Uroa kwa watu wa Mama, kwenye yale makaburi ya mchanga mweupe nyuma ya minazi, na mie nikapewa kiti cha plastiki nikakalishwa pembeni ya kaburi, buti langu limetokeza mbele kama la mtu mwengine. Jeneza sikulibeba hata hatua moja. Aliyeshuka kukupokea alikuwa Mjomba Haji, mzee wa watu na mikono yake inayotetemeka, na jirani wawili wakamsaidia.

Nilisema nataka kushuka. Nilisimama. Wakanishika, wakaniambia mchanga ule unaporomoka, utaukanyaga mguu na utaanguka juu ya maiti. Wote walikuwa wanakijua kiapo changu, Mama keshawasimulia. Nikakaa. Likaletwa shuka la kulifunika kaburi ili mwili wa mwanamke usionwe na watu, na mtu mmoja, kwa kunihurumia, akanipa pembe moja niishike. Basi hiyo ndiyo kazi niliyokufanyia. Nilishika shuka lililokuficha nisikuone. Nilisikia tu sauti ya Mjomba chini yake, anasema taratibu, taratibu, shika kichwa. Mikono yangu ilikuwa imekakamaa, na walipomaliza wakanibandua vidole kimoja kimoja.

Sauti yako ilianza baada ya hitima ya arubaini, watu waliposhatawanyika. Nilikuwa katikati ya ngazi, alasiri, mwanga mzuri tu, watoto wanapita uchochoroni. "Nassor." Si sauti ya kutisha. Sauti ya mtu anayetaka kuuliza chumvi umeiweka wapi. Nikasema, "Naam." Nikateremka mpaka jikoni, na jikoni pako vile vile, jiko baridi, na sufuria yako imefunikwa. Mama alikuwa amesikia nilivyoitika. Nilipopanda akaniuliza nimemwitika nani, na akajua kabla sijamjibu. Akaniambia, usiitike. Akikuita usiyemuona mwache aite. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba na yeye anakusikia, ila hajawahi kukuitika.

Sikukuitika tena. Lakini uliniita, sivyo? Au ni mie. Yule dada wa mazoezi anasema watu waliokatika mshipa husikia ule mlio kwa muda mrefu, wanashtuka nao hata wakiwa wamekaa. Mie mlio nausikia, na teke nalisikia, na wewe nakusikia, na sijui ni kipi kinachotoka mguuni na kipi kinachotoka kwako.

Vile vipande viwili vya ndara sikuvitoa. Daktari aliniruhusu nitoe, nikasema ndiyo daktari, nikarudi nyumbani navyo. Aliniruhusu tena, akaona mguu umeanza kukakamaa, akanigombeza. Nikamwambia ndiyo daktari. Kumwambia mtu mzima aliyesoma kwamba nimeapa mbele ya Mama na aliyeniapisha kafa, ningeanzia wapi? Mwisho Mama ndiye aliyegundua, kwa kusikia tu jinsi buti linavyogonga sakafu. Akaniambia nikae. Akapapasa mpaka akalipata buti, akavuta, akatia mkono ndani, akasema Bismillahi kama ulivyokuwa unasema wewe, akachomoa vyote viwili kwa pamoja. Akavinusa. Kisha akaviweka chini ya mto wake.

Ila alinishika goti kabla sijainuka. Akaniambia, mwanangu, Haji kazeeka. Wewe ndiye uliyebaki. Mie nani atanipokea?

Hapo ndipo mguu ulipoanza kupona, Da Shuwena, usiwasikilize wataalamu. Watu wengine hufanya mazoezi warudi mpirani, au wakimbie asubuhi na viatu vya rangi. Mie nilikuwa nafanya mazoezi ya kuteremka kaburini. Sikumwambia yule dada. Nilimwambia nataka nishuke ngazi vizuri, akaandika ngazi. Lakini kila nilipojinyanyua kwa vidole kwenye kizingiti, nikijishusha polepole kisigino kikavuka chini ya ukingo, mshipa ukiwaka moto, nilikuwa namuona Mama mikononi mwangu na mchanga ukiporomoka. Nikianguka nitamwangukia. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo kichwani. Kuna siku niliuchukia mguu huu kwa sauti, nikautukana pale pale kizingitini, na muuza samaki aliyekuwa anapita akanipa pole akidhani namtukana mke.

Nilirudi kazini Kendwa siku za wiki, na wikendi nyumbani, na mwanamke mmoja wa jirani akawa analala na Mama. Jioni nilikwenda kwenye mchanga mlaini, ule wa juu unaozama. Yule dada alinikataza, akasema mchanga mlaini bado. Lakini Uroa hakuna sakafu ya saruji. Nilikwenda, nikazama, nikajichomoa, nikazama. Wageni wa hoteli walidhani ni mchezo fulani wa kwetu, mmoja akaomba kunipiga picha. Nikarudi kwa yule dada na uvimbe, nikamdanganya.

Mama alikuwa anaulizia kama wewe. Si "mguu vipi." Alikuwa ananiambia nisimame na huo mmoja, anaweka kiganja chake chini ya kisigino changu, chini kabisa sakafuni, na mie najinyanyua, na yeye anapima kwa kiganja nafasi iliyopatikana. Mwanzo kisigino hakikutoka kiganjani. Kisha kikatoka kidogo. Hakikuwahi kutoka sana. Akaniambia, hiyo inatosha, mie si mzito.

Sasa ile habari.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa hajala tangu asubuhi, kakataa hata uji, akasema ana usingizi. Baada ya adhuhuri nikashuka jikoni kumtafutia maji ya moto. Nikamsikia kule juu anazungumza, nikadhani ana mgeni. Nikasikiliza. Akasema, "Ee mwanangu. Nnakuja." Kwa sauti ile ya kumwambia mtoto mwenye haraka.

Amekuitika, Da Shuwena. Yeye aliyenikataza.

Nilizipanda ngazi zile kwa miguu miwili. Sikumbuki kuzikanyaga. Mguu ulinipeleka, mguu huu huu mlegevu, haukusita, haukuuliza, na nilipofika bado yupo. Alinishika mkono. Nikamsomea shahada sikioni na midomo yake ikanifuata mpaka mwisho. Kisha akapumua mara nyengine, na hapo hapo nikawa sina mtu wa kuniuliza mguu.

Tukampeleka Uroa. Jeneza nililibeba, kutoka msikitini hadi makaburini, na kila waliponijia kunipokea bega niliwaambia bado. Wamemchimbia pembeni yako, ubavuni kwako hasa, kwa sababu aliomba. Mjomba Haji safari hii ndiye aliyekaa kitini. Nilikaa ukingoni nikateremsha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, nikauweka chini ukazama kwenye mchanga mpaka kwenye fundo la mguu, nikaupa uzito wangu wote. Ukakaa. Shuka likatandazwa juu yangu, na mwanga ukawa mweupe kama wa ndani ya chandarua. Wakaniteremshia Mama. Alikuwa kasema kweli, si mzito. Nilimlaza ubavu wake wa kulia, uso kibla, nikafungua vifundo vya sanda, nikaweka shavu lake juu ya mchanga. Nilizipanga mbao mwenyewe. Sikutetemeka, wala sikumwangukia. Nataka ujue hivyo, maana najua mngekuwa wawili mnaniangalia visigino.

Nilipomaliza waliniambia nitoke. Shuka likaondolewa, mikono ikateremshwa. Mie nilikuwa nimesimama na kiganja changu kwenye ukuta wa mchanga, upande wako. Ulikuwa hapo. Sijui umbali gani, mkono mmoja, pengine pungufu. Ukuta ule ulikuwa baridi na una unyevu na unanong'ona unavyomomonyoka punje kwa punje, na nikaona tangu ulipokwenda sijawahi kufika karibu yako kiasi hicho. Nikaegemeza na kichwa. Wakaniambia tena, Nassor, toka. Nikawasikia wanaambiana juu, mguu huo, mguu umekataa, mvuteni jamani, hawezi kujisukuma. Mjomba Haji akaanza kulia pale kitini kwa ajili ya mguu wangu.

Mguu haukukataa. Mguu ulikuwa mzima kuliko siku zote. Ni mie niliyekuwa sitaki kutoka.

Sijamwambia mtu hilo. Nimekuandikia wewe kwa sababu ungelijua bila ya kuambiwa, ungenitazama tu nilivyosimama ungelijua, na ungenipigia kelele. Niliwapa mikono wakanivuta, na mie nikajivutisha mzito ili waamini ni mguu.

Nakuaga, da'angu. Mwenyezi Mungu akuoneeni huruma, wewe na Mama, akuwekeeni nuru huko mliko pamoja. Na nakuahidi, tena hapana wa kunishuhudia safari hii ila wewe: nitakuja Uroa, nitakuja mara nyingi, lakini nitakuja kama wanavyokuja walio hai. Nitasimama juu. Nitasoma, nitamwaga maji, nitapanda kivumbasi juu ya makaburi yenu. Kisha nitageuka, niende zangu.

Nduguyo,
Nassor